Nyabo, mzigo!

Mwaka jana nilikuwa na mizigo kumi na mmoja niliyonunua kwa simu chini ya kitanda, mingi bado imefungwa selotepu. Nilipoifungua hatimaye nilikuta mashine mbili za kupigia mayai, rangi moja. Na mimi mayai nayachemsha.

Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala, kwa hiyo soko langu lilikuwa Owino. Owino ni kazi. Jua, kusukumana, muuzaji anakuvuta mkono, bei inaanzia juu unaivuta chini, unajifanya unaondoka ukingoja akuite. Katikati ya hapo hamu hupoa. Mara ngapi nimefuata gauni nikarudi na nyanya! Siku hizi, saa nane za usiku, mtu yuko mubashara TikTok anasema kimebaki kimoja. Unatuma mobile money, na kabla ya saa sita mchana bodaboda yuko getini: "Nyabo, mzigo!" (nyabo ni bibie kwa Kiganda). Hamu itapoa saa ngapi?

Ukisimulia haya, watu husema tamaa. Shangazi yangu alisema pepo (naye ana kabati la vikombe ambavyo havijawahi kuona chai). Lakini daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliiandika hali hii ya kununua bila kuweza kujizuia kwenye kitabu cha magonjwa ya akili mwaka 1915, simu ya mkononi haijaotwa hata ndotoni. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inaitaja pia, ingawa imeibana kwenye kundi la "mengineyo" la matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Na mara nyingi haiji peke yake. Huja na sonona au wasiwasi.

Dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, huamka tukiwa bado tunatarajia. Ndiyo maana mizigo yangu ilibaki na selotepu. Nilichokuwa nanunua ni ile asubuhi ya kungoja: kuna mtu yuko njiani, anakuja kwangu, ananiulizia kwa jina.

Mhudumu wa afya ya akili niliyemwendea hakuniuliza nadaiwa kiasi gani. Aliniuliza nanunua saa ngapi. Nikamfungulia meseji za mobile money: saa saba usiku, saa nane, saa tisa na nusu. Akauliza usingizi ulikatika lini. Tukarudi nyuma, meseji baada ya meseji, mpaka ya kwanza. Ilikuwa wiki tatu baada ya kumzika mama.

Kwa hiyo naomba tupunguze kidogo mahubiri ya bajeti. Daftari la matumizi nililiandika, tena kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Kila nilipolisoma niliona aibu, na aibu ikifika usiku ilitaka kupozwa, nami nilijua dawa moja tu. Pesa zikiisha kuna mkopo wa simu, unaingia kabla hujafikiri mara mbili. Mtu wa namna hii anahitaji kuulizwa habari za usingizi wake kwanza, hesabu zifuate.

Shida ni wapi aende. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, tumeifanya tusi. Mtoto akileta utundu tunamtishia Butabika. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili, lakini nani atapanga foleni pale aseme amekuja kwa sababu ya mashine za mayai? Mimi mwenyewe nilimdanganya dada yangu kwamba naenda kupima macho.

Programu nimezifuta, na simu inalala sebuleni. Wiki iliyopita nikapita steji ya boda, yule kijana wa mizigo akaniona.

"Nyabo, ulihama?"

"Nipo."

Akaniambia namba yake haijabadilika.