Karantini imepigwa na kuku wamezidi bandani: uchinje, ufiche au ulishe tu?

Karantini ya kuku ikitangazwa kwenye kata au wilaya, anayebanwa sana sio yule mwenye broila elfu mbili Chanika, Dar es Salaam, maana yule ana mahesabu yake na mara nyingi keshachanja. Anayebanwa ni mama wa Mbagala mwenye kienyeji wake ishirini na kitu nyuma ya nyumba, majogoo wanane hawana kazi wanapigana tu, mtetea mmoja kaangua juzi mwingine bado anaatamia, na soko lake lilikuwa jirani anayetaka jogoo wa Jumapili au dalali anayepakia kwenye tenga kupeleka soko la kuku la Shekilango. Sasa hakuna kuingia wala kutoka. Hao waliozidi aende nao wapi?

Wanaotaka karantini ibane kweli kweli wana hoja. Kwenye mdondo (ugonjwa wa virusi wa kuku, wengine wanaita kideri) kuku anaanza kumwaga virusi kwenye kinyesi na makamasi kabla hajaonyesha dalili, so ile ya "wangu wazima, si unaona wanavyokula" haina maana, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu mpaka siku 21 za ugonjwa kujificha. Hata "wangu nimechanja" haitoshi, chanjo inamkinga asiumwe asife ila haizuii kabisa asibebe virusi akawapa wengine. Na tenga likishapanda bodaboda likafika sokoni linakaa pembeni ya matenga ya Singida na Dodoma, jioni linarudi tupu halijaoshwa, kinyesi kimeganda kwenye fito, linapitishwa mitaa mingine. Wamarekani mdondo uliwakuta kusini mwa California kuanzia 2018, ulikuwa zaidi kwenye kuku wa majumbani kuliko mashamba makubwa, wakazuia watu kuhamisha kuku na mpaka wanamaliza 2020 ndege zaidi ya milioni 1.2 walishauawa.

Ila karantini hailishi kuku. Pumba unanunua wewe, banda linajaa, wanadonoana, kuhara damu kunaingia, na kila siku mtu anaona hela inapotea. Matokeo yake anawatoa usiku ndani ya kiroba. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 ipo, lakini nani atasimama kila uchochoro wa Manzese? Tena watu hawajasahau vifaranga 6,400 kutoka Kenya ambavyo serikali ilivichoma moto Namanga mwaka 2017, kwahiyo wakisikia serikali inapita kuhesabu kuku, kitu cha kwanza ni kuficha. Amri ikiwa ya kukataza tu inatengeneza magendo yake yenyewe.

Mi naona jibu linategemea ugonjwa wenyewe, na hapa ndo watu wanachanganya. Kama ni mdondo, kuku mzima unaweza kumchinja ukamla hapo hapo nyumbani, kwa binadamu ugonjwa huu sana sana ni macho mekundu. Anza na majogoo. Shida sio nyama, shida ni uchafu: yale maji ya kunyonyolea tunayomwaga mtaroni, manyoya, utumbo unaotupwa jaani na kuku wa mtaa mzima wanakuja kuchakura. Chimba shimo refu, fukia. Na usimpelekee shangazi Kigamboni nyama mbichi kisa imekaa friza, baridi haiui kirusi hiki, inakitunza. Mayai okota kila siku muyale, na yule anayeatamia mnyang'anye hata akikutoa damu mkononi, maana mayai yanachukua siku 21 na ukizubaa utakuwa na vifaranga kumi vya kulisha kabla karantini haijaisha.

Kama ni mafua ya ndege, hayo yote sahau. H5N1, aina moja ya virusi vya mafua hayo, imeua watu zaidi ya 400 duniani tangu 2003, na Misri wengi waliougua walikuwa wanawake na watoto wanaoshika na kuchinja kuku wa nyumbani. Uganda mafua ya ndege ya aina nyingine, H5N8, yaliwahi kupatikana 2017, so sio ugonjwa wa huko mbali. Hapo huchinji, hunyonyoi, watoto wakae mbali na banda, unampigia afisa mifugo.

Kuna watakaosema kula sio kuuza, na ni kweli, yule mama aliwafuga majogoo kwa ajili ya ada ya shule sio apike pilau wiki mbili mfululizo. Kwa mdondo mi ningeruhusu sehemu moja ndani ya eneo la karantini, afisa mifugo anasimamia, kuku wazima wanachinjwa na kuuzwa humo humo, uchafu unafukiwa pamoja. Najua mtaalam mmoja ana mitaa kibao na wajanja watapenyeza wagonjwa. Lakini kuku wa kiroba usiku hawakaguliwi na mtu yeyote, na bei ya humo ndani hata ikishuka nusu, bado ni hela mkononi na sababu ya mtu kusema ukweli ana kuku wangapi.