Melatonini si pipi

Ndugu mwandishi, umesema melatonini ya kuleta usingizi haina shida kwa kuwa mwili wenyewe huitengeneza. Hapo sikubaliani nawe. Hata insulini mwili huitengeneza, na hakuna anayejidunga kwa kukisia.

Niko Ohio, nafanya kazi usiku. Huku inakaa rafu moja na vitamini, kwani sheria ya Marekani ya 1994 inaihesabu kirutubisho, si dawa. Uingereza huipati bila cheti cha daktari. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za zile za kutafuna: 22 hazikulingana na maandishi ya kopo, na moja haikuwa na melatonini hata chembe!

Kinachoniuma ni watoto. Zangu zilikuwa nyekundu, zina umbo la dubu, zinanukia stroberi. Binti yangu wa miaka minne nilimkuta ameshafungua kifuniko, anazipanga kwenye shuka. Taarifa za watoto walioimeza, zilizofika vituo vya Marekani vya ushauri kuhusu sumu, zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021.

Mtu mzima aliyechoshwa na safari ya ndege, kwa siku chache na dozi ndogo, sawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize mfamasia kwanza.