Ugonjwa wa Kukatishwa Pombe Ghafla Uandikwe kwa Jina Lake

Kazi yangu hapa Ohio ni kusoma majalada ya wagonjwa walioruhusiwa na kuyageuza maelezo ya daktari kuwa misimbo, yaani zile herufi na tarakimu ambazo bima huzisoma kabla ya kulipa. Hakuna ugonjwa unaonifanya niifikirie Tanzania kuliko ule unaompata mnywaji wa siku nyingi anapokatishwa pombe ghafla. Naamini kwamba hospitali zetu za nyumbani zinapoteza watu ambao wangepona, na sababu mojawapo ni kwamba ugonjwa huo hauandikwi.

Marekani inatumia toleo lake yenyewe la ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, tangu Oktoba 2015, na toleo hilo hudai undani zaidi ya maneno ya jumla. Mgonjwa mwenye uraibu wa pombe ambaye anatetemeka na kutoka jasho bila matatizo zaidi hupewa F10.230; akiweweseka, asijue yuko wapi wala ni siku gani, ni F10.231; akiona au kusikia visivyokuwepo huku akili yake ikiwa timamu, ni F10.232. Kuanzia Oktoba 2020 iliongezwa misimbo kwa ajili ya wale wanaopata dalili hizo ingawa daktari hakuandika uraibu bali matumizi mabaya tu, kwa kuwa kabla ya hapo watu hao hawakuwa na mahali pa kuandikwa.

Chukua jalada la aina ambayo hupita mezani kwangu mara kwa mara. Mtu amelazwa kwa homa ya mapafu. Usiku muuguzi anampima kwa CIWA-Ar, kipimo cha ukali wa dalili za kukatishwa pombe chenye vipengele 10, kuanzia kichefuchefu na kutetemeka mpaka kuhisi wadudu wakimtambaa, ambacho jumla yake ya juu kabisa ni 67. Saa nne usiku amepata 6, saa nane 13, alfajiri 22, na kila mara lorazepam, dawa ya kutuliza, inaongezwa. Ukilifungua karatasi la daktari unakuta mstari mmoja tu: ana wasiwasi, endelea na dawa. Mimi naona ugonjwa wazi, lakini kanuni hainiruhusu kuweka msimbo kutokana na alama za muuguzi wala kutokana na dawa iliyotolewa. Utambuzi ni wa daktari. Hivyo namwandikia hoja, nikimwekea mbele vipimo na dawa alizoziagiza, na kumuuliza anatibu nini, bila kumtilia jibu mdomoni. Akijibu, jina linaingia katika jalada, na daktari atakayempokea mgonjwa huyo mwaka ujao atajua tangu saa ya kwanza kwamba mtu huyu hawezi kukaa siku mbili bila pombe pasipo kuangaliwa.

Sitawapamba Wamarekani. Umakini huu wote umejengwa juu ya malipo, na hoja nyingi zisingeandikwa kama msimbo usingebadilisha fedha ambazo hospitali inapata. Isitoshe, fedha hizo hizo zimewahi kuwafundisha madaktari kunyamaza: sheria ya mfano iliyotungwa mwaka 1947, ambayo majimbo mengi yaliipitisha, iliziruhusu kampuni za bima kukataa kulipia majeraha ya mtu aliyekuwa amelewa, na matokeo yake madaktari wa dharura wakaona heri wasipime kabisa kiwango cha pombe katika damu.

Hata hivyo, nikilinganisha na nyumbani, moyo unaniuma. Baba yangu mdogo alivunjika paja katika ajali ya bodaboda, akalazwa katika hospitali moja ya Kilimanjaro. Kijiji kizima kilijua kwamba alikunywa gongo kila siku na kwamba asubuhi alizimua ili mikono itulie. Siku ya tatu wodini akaanza kuokota wadudu juu ya shuka na kuita kwa majina ng'ombe waliokwisha kufa zamani. Ndugu wakasema ni mkono wa mtu. Kwenye faili ikaandikwa malaria kali, ingawa kipimo cha haraka kilionyesha hana vimelea, na nje ya wodi tukaambiwa imepanda kichwani. Alifungwa kitandani kwa vitambaa, akatundikiwa dripu ya glukosi na kuchomwa sindano za malaria. Alifariki siku ya tano.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, na kuweweseka hutokea kati ya saa 48 na 96. Diazepam, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ndiyo inayotuliza ubongo katika hali hiyo. Mnywaji wa muda mrefu anapaswa kupewa thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu sukari peke yake inaweza kuharakisha madhara ya ubongo kwa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji mashine. Vinahitaji mtu amuulize mgonjwa alikunywa lini mara ya mwisho, na saa ngapi, kisha aandike jibu.

Lililoandikwa vibaya wodini halibaki wodini. Linaingia katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya, linajumlishwa wilayani, na kutokana na jumla hizo ndipo wakubwa hupanga dawa gani ziagizwe na wauguzi wafundishwe nini. Kifo cha baba mdogo kiliongeza moja katika hesabu ya malaria ya mkoa ambao sehemu zake za juu hazina malaria nyingi. Madaktari wetu hawakosi mahali pa kuandika: ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ina F10.3 na F10.4 kwa ugonjwa huu, na ICD-11, toleo jipya lililoanza kutumika Januari 2022, ina 6C40.4.

Najua pingamizi la kwanza, kwamba jina hilo ni aibu na familia haitataka lionekane. Pingamizi hilo lina uzito. Huku Marekani kumbukumbu za vituo vya kutibu uraibu zinalindwa na sheria ya shirikisho tangu miaka ya 1970, wakati kwetu faili hubebwa na ndugu kutoka dirisha hadi dirisha, na kila anayelishika hulisoma. Kwa hiyo anayetaka madaktari waandike ukweli adai pia faili litoke mikononi mwa watu, libebwe na mhudumu wa hospitali au lisomwe kwenye kompyuta na wanaomtibu mgonjwa tu.