Suruali ya Elfu Tano

Pale Karume, soko la mitumba la Ilala, Dar, hakuna chumba cha kujaribia nguo. Ukitaka kujua suruali inakutosha, unafunga kifungo, unalaza kiuno chake bapa, unajizungushia shingoni. Pembe mbili zikikutana kisogoni, imekukaa. Zisipofika, irudishe. Zikipishana, andaa hela ya fundi. Hesabu yake ni kwamba shingo ni kama nusu ya kiuno. Kwa kijana inakubali. Kwa baba mwenye kitambi ni uongo mtupu, maana kitambi kinakua bila kuiaga shingo. Ndiyo maana unakuta watu wazima, wake na watoto wanawategemea, wamesimama juani wanajinyonga kwa jinzi.

Na lebo usiiamini. Imeandikwa 32, ukipima kwa futi ya fundi unapata 34, kwa sababu viwanda vingine hupenda kumfurahisha mteja mnene. Nyingine imeshafuliwa kwa maji ya moto mpaka imekuwa 30.

Bei nayo ina saa zake. Asubuhi belo, yaani furushi la mitumba, likikatwa kamba, suruali ya juu unatajiwa elfu ishirini na tano, tena muuzaji hakutazami. Usimlaani. Kanunua kilo 45 bila kuona ndani, na mtaji lazima urudi kwenye zile chache nzuri, kwani chini anaweza kukutana na makoti ya theluji. (Hayo nayo yana wenyewe: bodaboda wa Dar anavaa koti la theluji saa saba mchana, anasema anakinga upepo.) Jioni zilizobaki zinamwagwa kwenye turubai: "Buku tano, buku tano, chagua!" Unachagua nini sasa, wakati unachokishika kimeshakataliwa na nusu ya Ilala?

Basi kagua. Zipu ipandishe na uishushe mara tatu. Msamba uinue juani, ukiona nyota mchana, acha. Kiuno cha mpira kivute karibu na sikio: kikilia kama karatasi, mpira umekufa. Viatu ndiyo kabisa, soli nene nyepesi ibonyeze kwa dole gumba. Kuna soli ambazo unyevu huzila taratibu hata kiatu kikikaa stoo bila kuvaliwa. Kwa macho ni kipya. Unafika nacho Buguruni, unaacha vipande njiani kama mtu anayeogopa kupotea.

Umepata suruali, twende kwa fundi. Kupunguza kiuno inchi mbili kwa mshono wa nyuma, sawa. Ukimlazimisha apunguze nne, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inapeana mikono. Upindo mwambie aukate, apunguze mguu, aurudishie uleule wa kiwandani, la sivyo jinzi inakuwa sare ya shule. Na akumbuke sindano namba 16. Akiweka 14 inakatika pale mishono inapokutana, kisha atakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyeitengeneza sindano.

Sasa jumlisha. Suruali 5,000, kiuno 3,000, upindo 2,000, zipu (uliisahau ile mara ya tatu) 2,500, daladala kwenda na kurudi 1,200. Hiyo ni 13,700, na sabuni ya kutoa ile harufu ya mtumba bado.

Kichekesho ni kwamba mtumba ndiyo orijino. Ile mpya inayong'aa kwenye mfuko wa nailoni mara nyingi ni kopi, ukiifua mara tatu imepauka. Lakini nani ataka kusema? Ofisini wakikuuliza umeitoa wapi, unajibu, "Dukani, Kariakoo." Wanaitazama kola yako nyeupe, yenye mstari wa bluu wa jinzi iliyochuja kwa jasho pale shingoni, na hakuna anayeuliza tena. Nao kola zao zina mstari huohuo.