Kabla ya kuandaa slaidi, omba faili

Ukitaka kujua mapema kama semina ya programu za utafiti itawasaidia watu au itaishia kwenye cheti na posho, waulize wanaoipanga swali moja: nani ameyaona mafaili ya washiriki? Mara nyingi hakuna. Mwezeshaji amefungua programu, akaanza na menyu ya kwanza kushoto, akazipitia moja baada ya nyingine hadi ya mwisho kulia, kila menyu na slaidi zake. Kazi safi kabisa. Halafu Jumatatu asubuhi mshiriki anarudi ofisini, anafungua data zake mwenyewe, na zinagoma kwenye hatua ya kwanza.

Nayasema haya nikiwa Mwanza, mji ambao haukuanza jana kukusanya data. Pale Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inafuatilia kaya na afya za wakazi tangu 1994. Na Ziwa Victoria lenyewe, eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 ambalo nusu yake na ushee kidogo ni letu, lina sensa yake: tangu mwaka 2000 Tanzania, Uganda na Kenya huhesabu mialo (mahali wavuvi wanaposhusha samaki), mitumbwi, nyavu na wavuvi, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo data tunazo. Tunachokosa ni mafunzo yanayozitambua.

Nichukue ramani, maana hapo ndipo uzembe wa kuiga vijitabu unapoonekana kwa macho. Tanzania imepitiwa na kanda tatu za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia vipande vya nyuzi sita sita na kupima mahali kwa mita. Kigoma mjini iko kanda ya 35, Mwanza na Dodoma ziko kanda ya 36, Arusha na Dar es Salaam ziko kanda ya 37. Kijitabu cha QGIS, programu ya kuchora ramani, kilichoandaliwa Dar kitamwambia msomaji achague kanda ya 37 Kusini, na kwa mtu wa Dar ni sahihi kabisa. Mtu wa Mwanza akikifuata neno kwa neno, akaingiza vipimo vya GPS vilivyochukuliwa kwa kanda ya 36, mialo yake yote itahama nyuzi sita kuelekea mashariki. Ni zaidi ya kilomita 600. Mwalo wa Kirumba utatua nyika ya Tsavo, Kenya, na dagaa wake wote. Programu haitalalamika hata kidogo, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa lolote. Mtu angekuwa ameomba faili moja tu kutoka Mwanza kabla ya kuchapisha, angeligundua hilo kabla chai ya saa nne haijafika.

Kwenye takwimu hali ni hiyo hiyo. Wanaojifunza R, programu ya takwimu, bado wanakutana na maua ya airisi, yale 150 ambayo Ronald Fisher alitumia vipimo vyake mwaka 1936. Ni data nzuri, iliyosafishwa, haina pengo hata moja. Nilikuwepo kwenye semina moja ambapo mama mmoja, karani wa takwimu za uvuvi, alivumilia maua hayo hadi mchana, kisha akanyoosha mkono: "Mwanangu, mimi dagaa wananijia kwa ndoo, sangara kwa kilo, na siku nyingine karatasi imelowa namba haisomeki. Hayo tunayafanyaje?" Mwezeshaji, kijana, akajibu kwa adabu, "Mama, hilo tutalifikia mwishoni." Mwishoni tulipiga picha ya pamoja.

Swali la yule mama ndilo lilikuwa somo zima. Ndoo iwe kilo ngapi, na nani amepima? Pengo liandikwe sifuri au liachwe wazi? (Tafadhali, lisiandikwe sifuri. Siku ambayo karatasi imelowa si siku ambayo wavuvi wamekosa samaki.) Mtu akishayajua hayo, amri za R zenyewe ni suala la mazoezi.

Tarehe nazo zina mkasa wake. Kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani, Excel inasoma 03/04/2024 kama tarehe 4 Machi, wakati karani alimaanisha 3 Aprili. Ikifika 13/04/2024 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, hivyo inaiacha kama maandishi. Safu moja inakuwa na tarehe za uongo na maandishi kwa pamoja. Usidhani ni tatizo la makarani wa mwaloni peke yao: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha baadhi ya majina, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe mosi Machi. Somo la saa mbili kuhusu tarehe lingeokoa kazi nyingi kuliko siku nzima ya grafu za rangi.

Jambo jingine lisilopangiwa fedha ni uzee wa vijitabu. R 4.0.0 ilipotoka Aprili 2020, iliacha kugeuza maneno yaliyo kwenye jedwali kuwa makundi bila kuambiwa. Kijitabu cha zamani kinasema ukisoma faili, safu ya aina ya samaki itakuwa makundi yenyewe. Mwanafunzi wa leo anaandika levels, amri ya kuorodhesha makundi, anajibiwa NULL, yaani hakuna kitu, anadhani yeye ndiye mjinga. QGIS ilipoingia toleo la 3 mwaka 2018, programu jalizi (vijiprogramu vya kuongezea) nyingi za toleo la 2 ziligoma. Hayo ni mabadiliko ya kawaida, lakini kwenye bajeti za mafunzo sijaona mstari unaosema mtu fulani atalipwa kukipitia kijitabu mwakani. Kuna mstari wa ukumbi, chakula, mabegi na fulana.

Upande wa vifaa vya kujifunzia, hatuanzi na mikono mitupu. Masomo ya The Carpentries, jumuiya inayowafundisha watafiti kompyuta na data, yaliyoanzia kwenye Software Carpentry ya mwaka 1998, yana leseni inayoruhusu kuyatafsiri na kuyabadilisha mradi uwataje wenyewe. R ina kifurushi cha swirl kinachofundisha ndani ya R yenyewe, na ukurasa wa msaada wa kila amri umo tayari kwenye kompyuta, hauli bando. Yote yanaingia kwenye flashi moja. Maelezo yawe ya Kiswahili, amri na ujumbe wa kosa vibaki kama vinavyoonekana kwenye skrini, maana hivyo ndivyo mtu atakavyovikuta akiwa peke yake Ukerewe saa mbili usiku.

Ningepewa mimi bajeti ya semina ya siku tano, ningefanya ya siku mbili. Barua ya mwaliko ingemtaka kila mshiriki atume faili lake wiki mbili kabla. Wa hospitali wasitume data za wagonjwa; watengeneze faili la kubuni lenye safu zile zile na uchafu ule ule. Fedha za siku tatu zilizobaki zingemlipa mtu mmoja akae mahali panapojulikana kila Alhamisi mchana, watu wamletee kompyuta zilizokwama, naye kila swali linalojirudia aligeuze ukurasa mmoja wa kijitabu.

Mfadhili atauliza idadi ya waliohudhuria, na itakuwa ndogo. Nitampa. Kisha nitamwomba aangalie, baada ya miezi mitatu, ni wangapi wametoa ripoti yao wenyewe bila kumpigia simu mwezeshaji.