Viazi vya Dieng: mkulima anayefuata mteremko ana hoja, na mto nao una yake

Amri ya Rais wa Indonesia namba 32 ya mwaka 1990 inaelekeza kwamba ardhi ya misitu yenye mwinamo wa asilimia 40 au zaidi, au iliyo mita 2,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari, ilindwe kama msitu wa hifadhi. Sembungan, kijiji cha uwanda wa juu wa Dieng, wilaya ndogo ya Kejajar huko Wonosobo, Java ya Kati, kiko kwenye mita 2,300 hivi, na ndicho kinachotajwa kuwa kijiji kilicho juu kuliko vyote kisiwani Java. Kwa hiyo hata tuta la kiazi la chini kabisa la kijiji hicho liko juu ya mstari huo. Ni kweli kwamba amri inahusu ardhi ya misitu, na mashamba mengi ya huko ni ya watu binafsi. Lakini mvua haisomi hati miliki, na hapo ndipo ugomvi wa uwanda wa Dieng unapoanzia: matuta ya viazi yashuke na mteremko, au yaukinge?

Kabla ya miaka ya 1980 wenyeji walitegemea zaidi tumbaku, mahindi na kabichi. Kisha ikaja Granola, aina ya kiazi mviringo iliyozalishwa Ujerumani, inayokomaa kwa siku 90 hadi 110, na kila kitu kikageuka. Mwenye robo hekta aliweza kujenga nyumba ya matofali na kumpeleka mama yake Makka. Shamba lilivunwa mara mbili, pengine tatu, kwa mwaka. Ulipoanguka utawala wa Suharto mwaka 1998 na ulinzi wa misitu ukalegea, miti ya miteremko mingi ilikatwa ndani ya miaka michache, viazi vikapanda hadi karibu na vilele.

Anayekuja na macho ya mtaalamu wa hifadhi huona kosa moja tangu akiwa barabarani: matuta yanashuka na mteremko, kutoka juu hadi chini, badala ya kuukinga. Kila mfereji kati ya tuta na tuta ni bomba la kusafirishia udongo. Huyo mgeni hurudi mjini akiandika kwamba wakulima hawana elimu. Naona hapo ndipo hoja yake inapoharibika, kwa sababu wakulima wa Dieng wanalijua tuta la kukinga. Wamelipima, wakaliacha.

Hesabu yao ni hii. Mvua inazidi milimita 3,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Aprili. Kiazi hakivumilii miguu yenye maji. Tuta likikaa na unyevu, baka jani chelewa, ule ukungu unaounguza majani, unaweza kumaliza shamba ndani ya wiki moja au mbili, na msimu wa mvua dawa ya ukungu hupigwa kila baada ya siku chache hata pale matuta yanapotoa maji vizuri. Tuta linaloshuka hukausha mizizi haraka. Pia humrahisishia kazi mwenye kubeba bomba la dawa na mwenye kubeba gunia la kilo 50, kwa sababu mfereji ndiyo njia yake ya kupandia na kushukia. Akikuta matuta yamekingama, itabidi ayaruke moja baada ya jingine akiwa na mzigo mgongoni.

Halafu kuna hoja ambayo watu wa hifadhi huipita haraka. Tuta la kukinga lililochorwa kwa jicho, bila kipimio cha usawa, lina sehemu iliyobonyea. Mvua kubwa ikija, maji ya tuta zima hukusanyika pale, huvunja, na kuliangukia tuta la chini, ambalo nalo huvunja. Asubuhi unakuta korongo moja lenye kina cha goti, badala ya michirizi hamsini midogo. Na kwenye udongo mnene wa volkano uliolala juu ya miamba iliyolegea, maji yanayozuiwa huzama, na udongo ulioshiba maji unaweza kuteleza kwa mkupuo. Eneo hili linajua maporomoko: Desemba 2014 mlima ulishuka juu ya kitongoji cha Jemblung, wilaya jirani ya Banjarnegara, na kuua zaidi ya watu 90. Simaanishi kwamba matuta ya kukinga ndiyo yaliyoleta janga lile, hasha. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi chini ya mteremko kama huo ana sababu ya kutaka maji yaondoke upesi.

Ongeza ukubwa wa shamba. Wakulima wengi wa Java wana chini ya nusu hekta. Chukua robo hekta inayozaa kwa kiwango cha tani 16 kwa hekta, yaani tani 4 kwa msimu. Ukiweka ukanda wa majani wenye upana wa nusu mita kila baada ya mita 5, umetoa asilimia 10 ya ardhi: kilo 400 za viazi. Mbegu ya shamba lote, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 na kiwango cha tani moja na nusu kwa hekta, ni kilo 375 hivi. Ngazi kamili, yaani mteremko uliochongwa kuwa vipandio bapa, zinagharimu zaidi. Kwenye mwinamo wa asilimia 40, ukuta wa ngazi unaoinuka mita 2 kwa kila mita 1 ya ulalo hula asilimia 20 ya eneo, hata uchague ngazi fupi au ndefu. Na anayechimba ngazi hufukua udongo wa chini, wa rangi ya kahawia ya njano, na kuufukia ule mweusi, ambao ndio utajiri pekee wa Dieng. Misimu ya kwanza baada ya kuchimba huwa ya njaa, na benki haingoji.

Sasa upande wa mto.

Udongo wa Dieng ni mwepesi. Mita moja ya ujazo, ukiwa mkavu, huwa na uzito wa kilo 700 hivi, nusu tu ya udongo wa kawaida wa mfinyanzi. Milimita moja ikiondoka kwenye hekta moja, umepoteza mita 10 za ujazo, karibu tani 7. Kwa macho huoni kitu. Sentimita moja ni tani 70, na pamoja nayo huondoka samadi ya kuku aliyoinunua mkulima kwa malori na fosforasi ambayo udongo huu huing'ang'ania. Ndiyo maana mbolea inaongezwa kila mwaka na mavuno hayapandi. Samadi hiyo ikimwagwa mbichi, kama inavyofanyika mara nyingi, huleta mainzi vijijini kiasi cha kumfanya mgeni asile kwa raha.

Maji ya sehemu kubwa ya uwanda huu hushukia Mto Serayu, ambao chini huko Banjarnegara hujaza bwawa la Mrica, lenye mitambo ya umeme ya megawati 180 iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Bwawa lilikusudiwa kudumu miongo mitano au zaidi. Zaidi ya nusu ya nafasi yake imeshajaa tope, ingawa haijafika hata miongo minne. Ni kweli kwamba tope hilo halitoki Sembungan peke yake: barabara, maporomoko, machimbo ya mchanga na mashamba ya mabondeni yana sehemu yao, na asiyewatendea haki wakulima wa juu huwabebesha lote. Lakini maziwa madogo ya Dieng kwenyewe hayana mwingine wa kulaumiwa. Telaga Cebong, ziwa la kijiji cha Sembungan, na Telaga Merdada kwa upande wa Banjarnegara yanapungua kina kwa udongo wa mashamba yaleyale yanayovuta maji humo kwa pampu wakati wa kiangazi. Mkulima anajaza ndoo yake udongo kisha analalamika kwamba maji hayatoshi.

Na maji hayo yana kazi ya ziada. Kati ya Juni na Septemba, usiku usio na mawingu, baridi hutiririka na kutuama mabondeni, na alfajiri majani yamevaa sakitu nyeupe. Wajava huiita embun upas, umande wa sumu. Watalii hupanda kuipiga picha. Mkulima huamka kabla ya jua na kunyunyizia maji ili barafu iyeyuke taratibu na kuoshwa, maana jua likiipiga ikiwa bado juu ya jani, jani linaungua na kuwa jeusi kama lililopitiwa na moto. Bila ziwa, kinga hiyo haipo.

Mimi sioni kwamba suluhisho ni kuchagua kati ya tuta la kushuka na tuta la kukinga. Lipo la katikati, na limekuwa kwenye mapendekezo ya watafiti wa udongo wa Indonesia kwa miaka mingi: acha matuta yashuke, lakini uyakatize. Kila baada ya mita 5 weka tuta moja la kuvuka, lenye mfereji upande wa juu, ulioinama kidogo sana, kama sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mfereji mkuu wa pembeni. Maji hayatuami, ila hayapati mbio. Kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria mmomonyoko, upotevu hukua takribani kwa kipeuo cha pili cha urefu wa mteremko. Ukifupisha mita 60 kuwa vipande vya mita 5, upotevu kwa kila mita ya eneo hushuka hadi kama asilimia 30 ya ule wa mwanzo. Mahali mifereji inapokutana, chimba shimo la urefu wa mita 1, upana na kina nusu mita. Hilo hunasa robo mita ya ujazo ya udongo, na lazima lizolewe na kurudishwa juu kila linapojaa. Lisipozolewa, baada ya mvua chache limekuwa sehemu ya mfereji tu.

Utaharibika wapi mpango huu? Kwenye mfereji mkuu. Mashamba ni vipande vyembamba, na maji niliyoyageuza mimi yanatokea kwa jirani. Mara nyingi yanaishia kwenye njia ya miguu, ambayo baada ya misimu michache inakuwa korongo. Mfereji wa mawe wenye vidaraja vya kuvunja kasi hauwezi kujengwa na mwenye robo hekta. Ni kazi ya kijiji, na tangu mwaka 2015 vijiji vya Indonesia hupata ruzuku ya moja kwa moja, dana desa, chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 2014. Ningeanzia huko kabla ya kugawa mche hata mmoja.

Kuhusu miche, carica husifiwa kupita kiasi. Huu ni mpapai wa milimani wenye asili ya Amerika Kusini. Tunda lake gumu haliliwi hivihivi, humenywa kwa uangalifu kwa sababu utomvu huwasha mikono, hutolewa mbegu, huoshwa, kisha hufungwa kwenye vikombe vya sharubati na kuchemshwa, likauzwa kwa watalii wa Wonosobo. Ni zao zuri la mipakani. Lakini mizizi yake haishiki mlima, na soko la vikombe vya sharubati haliwezi kumeza miteremko yote ya Dieng. Kondoo nao wanapendekezwa, hasa dombos, uzao uliotokana na kondoo wa Texel wa Uholanzi, kwa kuwa wangekula majani ya kingo. Piga hesabu: ile asilimia 10 ya robo hekta ni mita 250 za mraba, na kwa baridi ile huenda ikalisha kondoo mmoja, si kundi. Mabingobingo hudumaa huko. Setaria huvumilia zaidi. Majani ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki, yangestahimili sana, ila hutambaa, na anayeyapanda kwenye kingo atayang'oa kwenye matuta maisha yake yote.

Miteremko yenye mwinamo unaozidi asilimia 40 ni jambo jingine. Pale sioni tuta la aina yoyote litakalosaidia, na upande wa hifadhi una haki kudai miti irudi. Ila anayedai lazima alipe, kwa sababu faida ya miti ile inavunwa chini, kwa mwenye umeme na mwenye kumwagilia mpunga, si Sembungan. Mkulima wa Dieng ameshabeba hasara nyingine pekee yake: mwaka 2011 wakulima walilazimika kwenda Jakarta kuandamana, viazi vya nje vilipoangusha bei.

Kuna jambo linaloweza kuwabana kuliko amri yoyote. Kulima kiazi juu ya kiazi, kwa mbegu ndogondogo zilizobaki kwenye mavuno yaleyale, kumekusanya virusi, na nematodi wa viazi, mnyoo mdogo sana anayeshambulia mizizi, aliyegunduliwa Indonesia mwaka 2003 huko Java ya Mashariki ameshafika Dieng. Ndiye yuleyule aliyeonekana Kenya mwaka 2015. Vifuko vya mayai yake hukaa hai ardhini miaka 20, na maji yanayoshuka kwenye mifereji huvisambaza kutoka shamba la juu hadi la chini. Hapo tuta la kushuka halimdhuru tena mtu wa bondeni peke yake; linamwambukiza jirani wa pili kutoka juu.

Kinachobaki kigumu ni mashamba ya kukodi. Aliyekodi kwa mwaka mmoja hana sababu ya kuzoa shimo la tope wala kutunza ukanda wa majani, na mwenye shamba anayeishi mjini haoni kinachoondoka. Mkataba ungeweza kuandika idadi ya matuta ya kuvuka kama unavyoandika bei. Baada ya mvua za Januari, anayetaka kujua hali ya shamba aende mwisho wa mfereji aangalie rangi ya udongo uliotandazwa pale. Ukiwa mweusi, bado kuna cha kuokoa. Ukiwa wa kahawia ya njano, ule mweusi umeshapita na sasa mkulima anapanda kwenye udongo wa chini.