Mpira au kamera: ubishi wa Mbale kuhusu watoto wenye vichwa vikubwa

Mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, kuna hospitali ya watoto ya CURE ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa katikati ya ubishi mmoja wa kitabibu: mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa atibiwe vipi? Ubishi huu umetoa tafiti zinazosomwa Boston na Toronto, umebadili namna madaktari wa upasuaji wa ubongo wanavyofundishwa, na bado haujaisha. Nadhani haujaisha kwa sababu pande zote mbili zimekuwa zikipima kitu ambacho si kikubwa kuliko vyote.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Ubongo hutengeneza maji yake wenyewe. Maji hayo hupita katika vyumba vinne vilivyomo ndani ya ubongo, hutoka nje kuuzunguka, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji hujaa ndani. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana, kichwa hutanuka badala ya kupasuka. Utosi hukaza, mishipa ya kichwani hutokeza, macho huangalia chini hata mtoto anapoitwa kutoka juu. Mitaani huambiwa amerogwa, au mama yake ana laana, na kabla hajafika hospitali huenda ameshapelekwa kwa waganga wawili watatu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalisema watoto karibu 400,000 hupata tatizo hili kila mwaka duniani, na Afrika ina sehemu kubwa kupita kiasi ya idadi hiyo.

Tiba ya miaka mingi ni mpira. Madaktari huuita shanti. Ni mrija mwembamba unaoanzia ndani ya chumba cha ubongo, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani hadi tumboni, ukiwa na vali ndogo inayopima maji yatoke kiasi gani. Ukifanya kazi, mtoto hubadilika: analala, ananyonya, utosi unalegea. Tatizo ni kwamba mpira ni kitu cha kigeni mwilini, na mtoto atakaa nacho maisha yake yote. Huziba. Hukatika. Hushika vijidudu. Mtoto akirefuka, nao huwa mfupi.

Daktari Mmarekani Benjamin Warf alipofika Mbale mwaka 2000 alikutana na swali ambalo wenzake wa Marekani hawakuwa na haja ya kujiuliza: mpira ukiziba saa nane za usiku, na mtoto yuko kijijini safari ya siku nzima kutoka hospitali, nani atamfungua? Jibu lake lilikuwa kamera. Kamera nyembamba inayopinda huingizwa kupitia utosi, daktari hutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia ya mkato, halafu huizungusha kulia na kushoto akichoma ile tishu laini yenye mishipa mingi inayotengeneza maji hayo. Tundu moja, tishu iliyochomwa, hakuna kitu kinachobaki ndani. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550. Kwa wale walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifanikiwa kwa asilimia 47. Kutoboa pamoja na kuchoma, asilimia 66. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya MacArthur, ile ambayo Wamarekani huwapa watu wanaowaona wana vipaji vya pekee.

Hapo wafuasi wa kamera walianza kutembea kifua mbele. Lakini mpira nao una mashahidi wake, na ajabu ni kwamba shahidi mmoja alitoka Mbale hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2005 hospitali ilichapisha matokeo ya kulinganisha mpira wa Chhabra, unaotengenezwa India na uliouzwa wakati huo dola 35 hivi, na mpira wa kampuni ya Codman, uliouzwa dola 650 hivi. Watoto 195 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na tofauti ya maana haikuonekana. Kwa hospitali za ukanda wetu hiyo ni habari nzito. Mpira hauhitaji mtambo wa kamera unaovunjika ukidondoka na kusubiri fundi kutoka nje. Daktari anayeweza kuuweka hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko anayeweza kuizungusha kamera ndani ya kichwa cha mtoto wa wiki sita. Na vituo vya Amerika ya Kaskazini vilivyojaribu njia ya Mbale vilipata mafanikio madogo kuliko Mbale yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba mkono uliozoea una uzito wake katika tiba hii. Mtu anayetaka kuisambaza kamera mikoani ajue kwamba mtambo hununuliwa kwa siku moja, lakini mkono wa aina hiyo hujengwa kwa miaka.

Ndipo likaja jaribio lililotarajiwa kuumaliza ubishi. Lilifanyika Mbale, likaongozwa na daktari Abhaya Kulkarni wa Toronto, Kanada, pamoja na Waganda wakiwemo John Mugamba, Peter Ssenyonga na Edith Mbabazi-Kabachelor, na kuchapishwa Desemba 2017 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Watoto 100 wa chini ya miezi sita, ambao tatizo lao lilitokana na maambukizi, waligawanywa kwa kura: 51 kamera, 49 mpira. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili ulikuwa sawa. Ukubwa wa ubongo ulikuwa sawa. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliofanyiwa kwa kamera na asilimia 24 ya waliowekewa mpira, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kumtangaza mshindi.

Kila upande ukachukua kipande chake. Wa kamera wakasema: mnaona, tumepata matokeo yaleyale bila kumfunga mtoto na mpira maisha yake yote. Wa mpira wakasema: mnaona, shida yote hiyo ya kamera, na watoto wengi zaidi kidogo walirudi chumba cha upasuaji.

Nikilazimishwa kuchagua, ninaegemea upande wa kamera, kwa sababu moja ya saa na kilomita. Tundu likishindwa, mara nyingi hushindwa mapema, ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati mama bado anarudi kliniki na daktari bado anamkumbuka mtoto. Mpira unaweza kushindwa mwaka wa pili, wa tano, wa kumi na mbili. Jaribio la mwaka mmoja haliwezi kuuona mwaka wa kumi na mbili. Kwa familia ya Temeke, jijini Dar es Salaam, mpira ukiziba, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni safari ya daladala. Kwa familia ya Sumbawanga, iliyoko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, mtoto anayeanza kutapika asubuhi na kusinzia mchana ana saa chache ambazo basi halina. Kwa hiyo swali la tiba ipi ni bora halina jibu moja kwa watoto hao wawili, na mwongozo wa kitaifa unaotaka tiba ya aina moja kwa wote utamkosea mmoja wao. Mtoto wa mjini anaweza kuishi na mpira wa bei nafuu bila hofu kubwa. Huyu wa mbali, hata kama nafasi ya tundu kufanikiwa ni ndogo kidogo, apewe kwanza nafasi ya kuishi bila kutegemea barabara.

Hoja hiyo nayo ina tundu lake. Kamera ili iwe salama inataka watoto wengi wapite mikononi mwa madaktari wachache, yaani kituo kikubwa kimoja au viwili. Na kituo kimoja ndicho kinachomfanya wa Sumbawanga asafiri tangu mwanzo. Sijaona mtu aliyelitatua hilo kwa maneno.

Sasa nirudi kwenye kile nilichosema pande zote zimekipita. Kamera ilipimwa kama tiba, ikatoka sare. Lakini ilifanya kazi nyingine ambayo mpira haungeweza kuifanya kamwe: ilimwingiza daktari ndani ya vile vyumba na kumwonyesha kilichopo. Akiweka mpira, daktari hupitisha mrija, maji yakitoka kazi imekwisha. Akiingiza kamera, huona kuta. Na kuta za watoto wa Mbale hazikuwa safi. Zilikuwa na makovu, utando uliokigawa chumba kimoja kuwa vijumba, mabaki ya uchafu wa maambukizi yaliyopita. Ukichanganya alichokiona na maelezo ya mama kwamba mtoto alizaliwa mzima, akapata homa au degedege, kisha kichwa kikaanza kukua, unapata utafiti mwingine wa mwaka 2005. Katika watoto 300, asilimia 60 tatizo lao lilitokana na maambukizi, na kati ya hao zaidi ya robo tatu waliambukizwa ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha.

Huko Marekani na Ulaya vichwa vikubwa vya watoto wachanga hutokana zaidi na kasoro za kuzaliwa au damu kuvuja kichwani kwa njiti. Mbale ilikuwa inaona kitu kingine kabisa.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya kipelelezi. Mtafiti Steven Schiff, aliyekuwa chuo kikuu cha Penn State nchini Marekani na baadaye Yale, na wenzake wa Uganda walipanga tarehe za wagonjwa juu ya takwimu za mvua, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba watoto huongezeka katika vipindi vya mvua za wastani, mara nne kwa mwaka, nchi inapotoka kiangazi kuingia masika na kurudi. Mwaka 2020, kwa kusoma vinasaba katika maji ya ubongo ya watoto 100, walimkamata mtuhumiwa: bakteria aitwaye Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya kuotesha vijidudu vilikuwa vinampita, mara nyingi akiwa pamoja na virusi vya saitomegalo. Mwaka 2023 wakaripoti kwamba kati ya vichanga 631 wenye maambukizi ya damu, 37 walikuwa naye.

Wapo wanaonung'unika hapa, na wana haki. Maji ya ubongo ya mtoto wa Uganda yalisafiri kwenda kusomwa kwenye mitambo ya Marekani. Ruzuku kubwa na tuzo hukaa huko. Mama wa mtoto hajui kwamba kuna makala. Hospitali yenyewe ni ya shirika la Kikristo la Marekani linalotegemea michango. Fedha zilizosoma vinasaba vya bakteria zingelipia mipira mingapi? Swali hilo huulizwa kwa hasira, na halijibiwi kwa kusema sayansi ni nzuri.

Mimi hulipima kwa kuangalia kilichobaki. Kilichobaki Mbale ni madaktari kama Mugamba, waliofundishwa na Warf kisha wakaiongoza kazi wenyewe. Kilichobaki Mbarara, mji wa Uganda ambao chuo kikuu chake nacho kimo katika utafiti huu, ni mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, iliyounganishwa palepale mwaka 2022 na timu ya Johnes Obungoloch wakishirikiana na Waholanzi wa Leiden na Delft: sumaku ndogondogo nyingi zilizopangwa katika duara, zenye nguvu ndogo sana kuliko mashine za hospitali kubwa, zisizotaka gesi ya helyamu wala chumba maalumu. Picha zake hazipendezi. Ila kujua maji yamejaa kiasi gani hakuhitaji picha ya kupendeza. Na mashine ambayo mhandisi wa Mbarara ameiunganisha kwa mikono yake, ikiharibika anajua pa kuanzia.

Hata hivyo, kinachonisukuma niutetee utafiti kuliko ukarimu wa kununua mipira zaidi ni matokeo ya miaka miwili ya wale watoto 100, yaliyochapishwa mwaka 2021. Bongo zao, ziwe za kamera au za mpira, zilikua miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, kisha wengi ukuaji ukadumaa, na maendeleo yao ya akili yakabaki chini ya yanayotarajiwa. Upasuaji uliwaokoa na kifo. Haukurudisha kilichokuwa kimeliwa na maambukizi kabla kichwa hakijaanza kukua. Daktari bingwa wa dunia akimpata mtoto huyo wiki ya nane, amechelewa kwa wiki sita.

Nawasikia wenzetu wa vyumba vya upasuaji wakisema kinga isitumike kuwanyima wagonjwa walioko mlangoni. Sawa, na hakuna anayesema wafungiwe. Lakini Tanzania, ambako kambi za upasuaji wa vichwa vikubwa na mgongo wazi huja na wafadhili, waandishi wa habari na kauli za shukrani, tunahesabu waliopasuliwa tu. Mgongo wazi tunajua pa kuukabili: foliki asidi kwenye unga, jambo ambalo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliliazimia upya Mei 2023. Kwa kichwa kilichotokana na homa ya kichanga, unga hautasaidia kitu. Kinachotakiwa ni mama aulizwe, na jibu liandikwe kwenye faili: alizaliwa na kichwa cha kawaida? Alipata homa au degedege mwezi wa kwanza? Alitibiwa nini, wapi? Maswali matatu, kalamu moja. Warf alianza na hayo kabla ya maabara yoyote ya vinasaba. Na kliniki za watoto, zenye mizani tayari, ziwe na utepe wa kuzungushia kichwa, kitu ambacho kila fundi cherehani anacho.

Ubishi wa mpira na kamera, kwa sasa, umehamia Amerika ya Kaskazini, ambako Kulkarni na wenzake wameanzisha jaribio lao la kulinganisha njia hizo mbili kwa watoto wa huko. Wacha waendelee nao. Swali lililobaki kwetu ni la wodi ya wazazi: yule bakteria anamfikiaje mtoto wa siku kumi, kwa maji ya kuogea, kwa udongo, kwa kitovu, au kwa mikono yetu.